Bingwa wa Rusimbi na Mwenyekiti wa Yai la Chura

Bingwa hakualikwa na mtu. Alijialika mwenyewe, akajitambulisha mwenyewe, na makofi yalipochelewa akaanza kujipigia mwenyewe. Kata ya Rusimbi imebahatika, alisema. Si kila siku Kigoma Ujiji inampata Mtaalamu wa Kimataifa wa Vyura Ambao Hawajazaliwa, tena aliyekubali kuhutubia bila kudai nauli. Nauli yenyewe ingekuwa ya kutoka nyumba ya pili.

Mbele yake palikuwa na beseni la plastiki, na ndani yake kamba mbili ndefu za ute zenye vitone vyeusi, alizozitoa alfajiri kwenye dimbwi la mvua.

"Ndugu zangu," alitamka, "ninyi hapa mnaona vitone. Mimi naona serikali."

Hoja yake ilikuwa moja tu, na aliirudia mpaka watoto wakaikariri: ndani ya kila yai la chura yumo mwenyekiti, naye ndiye anayeziamuru seli ziende wapi na ziwe nini. Bila mwenyekiti hakuna kichwa wala miguu. Hapo akaitazama meza kuu, ambayo alikuwa ameikalia peke yake.

Tumtendee haki: mwanzoni hakupotoka sana. Yai la Xenopus, chura wa kusini mwa Afrika anayefugwa maabara, lina upana wa milimita moja na ushei. Likirutubishwa kwenye nyuzi joto 22 hivi, hugawanyika mara ya kwanza baada ya dakika 90, kisha kila nusu saa, hata zikafika seli kama 4,000. Mbegu ya dume ikishaingia, tabaka la nje la yai huzunguka kwa takriban digrii 30, na upande ulio mkabala na pale mbegu ilipopenya ndio unaokuwa mgongo. Bingwa aliliita tendo hilo "kuapishwa".

Akaeleza pia jinsi chura huyo "alivyopata ufadhili wa kwenda Ulaya". Ukweli ni kwamba Lancelot Hogben, akifanya kazi Cape Town mwishoni mwa miaka ya 1920, aliona kuwa chura jike akidungwa homoni hutaga mayai. Kuanzia miaka ya 1930 hospitali nyingi zilidunga vyura mkojo wa wanawake: chura akitaga, mama ni mjamzito. Vyura wakasafirishwa kwa maelfu, na kipimo hicho kilipopitwa na wakati wao wakabaki maabara wakichunguzwa.

Kisha akamfikia Hans Spemann wa Freiburg, Ujerumani, "mzee aliyemgundua mwenyekiti peke yake".

"Na Bi Hilde je?" aliuliza mwalimu mmoja kutoka nyuma.

Bingwa alikohoa. Hilde Mangold ndiye aliyefanya upasuaji wenyewe, kwa viinitete vya salamanda, ambao ni jamaa wa vyura lakini wana mikia. Alikata kijipande kutoka kwenye mdomo wa tundu ambapo seli huanza kuingia ndani, akakipandikiza tumboni mwa kiinitete kingine chenye rangi tofauti. Tumboni pakaota mwili wa pili, una mgongo na neva zake. Rangi zikatoa ushahidi: sehemu kubwa ya mwili huo ilijengwa na seli za mwenyeji, ambazo zingekuwa ngozi ya tumbo tu. Kijipande hicho kikaitwa mratibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1924, mwaka uleule Mangold alipofariki kwa ajali ya moto wa jiko, akiwa na miaka 25. Spemann alipokea Tuzo ya Nobel mwaka 1935.

"Mmesikia? Mratibu!" Bingwa alishangilia, kana kwamba alichaguliwa yeye.

Msichana wa kidato cha nne akasimama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Uliza, usiogope elimu."

Msichana hakuogopa. Alisema amesoma kwamba miaka ya 1990 zilipatikana protini ambazo mratibu huzitoa, miongoni mwao nogini mwaka 1992 na kodini mwaka 1994. Hazitoi amri. Huikamata protini nyingine, BMP, huko nje ya seli, isifike inakokwenda. BMP ndiyo inayoziambia seli za juu ziwe ngozi; ikizuiwa, seli hizo hushika njia ya kuwa ubongo na uti wa mgongo.

"Kwa hiyo, mzee, kazi kubwa ya mwenyekiti ni kumnyamazisha mwenzake?"

Watu wakacheka. Bingwa akahamia haraka kwenye vitendo. Aliwasimamisha vijana wanane safu mbili, wanne wanne, wakitazamana, akavuta pumzi ili aamuru. Kabla hajafungua kinywa, kila kijana alishajipenyeza kati ya wawili wa upande wa pili. Ikawa safu moja, nyembamba na ndefu maradufu, na wa mwisho akaisukuma meza kuu mtaroni.

Ndivyo mgongo wa chura unavyorefuka. Seli hutoa vijikono kushoto na kulia, hushika majirani, huvutana na kuingiliana. Tishu hupungua upana na kuongezeka urefu. Dira huipata kwa jirani, kupitia tawi moja la ishara za protini ziitwazo Wnt. Tawi hilo likivurugwa, kiinitete hubaki kifupi na mfereji wa neva unaweza kushindwa kujifunga. Kwa binadamu, mabadiliko katika jeni za mfumo huohuo yamekutwa kwa baadhi ya watu waliozaliwa na mgongo wazi.

Msichana hakuwa amekaa. Alitaja kazi ya Mmarekani Ray Keller katika miaka ya 1980: kipande cha mgongo kilichokatwa na kuwekwa peke yake kwenye sahani kiliendelea kurefuka. "Pale kwenye sahani, mzee, nani aliamuru?"

Swali hilo, alijibu Bingwa, limepangwa kwa sehemu ya pili ya mhadhara. Kwa sasa anatangaza kamati ya kununua hadubini ya kata: mwenyekiti, yeye, katibu, yeye, mweka hazina, kwa sababu za uzoefu, yeye.

Mvuvi mmoja wa dagaa akataka kujua wajumbe ni akina nani.

"Wajumbe," alisema Bingwa, akiipandisha meza kutoka mtaroni, "watajulishwa."