Kofia ya Kwaheri Petroli

Jana saa moja na robo asubuhi niliingia kwa miguu kwenye kituo cha mafuta hapa Area D, mkononi nimeshika dumu la plastiki la lita tano, jasho linanichuruzika, na kichwani nina kofia ya kijani iliyoandikwa kwa herufi kubwa KWAHERI PETROLI. Kofia nilishaisahau. Naivaa kila siku, macho yangu yako chini yake. Ila binti wa pampu macho yake yalikuwa mbele yake.

"Shikamoo baba," akasema, halafu akaisoma kofia taratibu, kama mtu anayesoma tangazo la msiba ukutani. "Kumbe upo! Ile gari ya umeme imekuja?"

Huyu ndiye binti niliyemuaga Agosti. Na sikumuaga kienyeji. Nilishuka kwenye Vitz, nikampa mkono, nikatangaza kwa sauti iliyowafikia bodaboda wote waliokuwa kwenye foleni kwamba mimi na petroli basi: sitakaa tena kusubiri Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA watangaze bei kikomo ndipo nijue kama nitakula nyama; gari langu sasa litachomekwa ukutani kama redio. Nikamwachia elfu tano ya soda. Akajibu, "Karibu tena baba." Nikacheka sana. Nikamwambia hapo ndipo anapokosea.

Tangu hapo, kwa miezi saba, nimekuwa nikienda kujaza mafuta Kisasa, upande wa pili wa mji, ili tusionane. Nimechoma petroli nyingi kwa sababu ya kukwepa aibu ya kununua petroli. Lakini mtu aliyetanguliza fedha za gari jingine hajazi tenki la alilonalo. Anaweka ya elfu kumi, kesho elfu kumi, akiamini wiki ijayo atasahau hata mfuniko wa tenki uko upande gani. Taa ya mafuta iliwaka Jumapili. Jana Vitz ikazima mita mia tano kutoka kwa binti yuleyule, kana kwamba ilipanga.

"Haijafika," nikasema. "Ipo baharini."

"Bado ipo baharini?"

Lile "bado" liliniingia kuliko swali zima.

Halafu likaja suala la dumu. "Kwenye plastiki haturuhusiwi, baba. Ngoja nimwite supavaiza." Supavaiza akatoka ofisini na kikombe cha chai, akanitazama kuanzia viatu, akafika kwenye kofia, akamuuliza binti bila hata kupunguza sauti: "Ndiye huyu wa umeme?" Kumbe nina jina. Bodaboda mmoja akashauri kwamba mheshimiwa achomeke tu pale kwenye nguzo, TANESCO si wetu wote? Mwenzake akamkemea, akasema waniheshimu, mimi ni mtu wa miaka ijayo, nimekuja huku kutembea tu.

Supavaiza alikuwa na dumu la chuma. Angeniazima, ila niache kitu. Nikavua kofia nikampa. Akacheka hadi chai ikamwagika. "Hiyo hapana, mzee wangu. Weka elfu ishirini. Ukirudisha dumu, unachukua hela yako." Nikaweka. Baada ya dakika ishirini na tano nikarudisha dumu, akahesabu noti mbili za elfu kumi mbele yangu, akanishukuru. Arbuni ya dumu ilirudi yote, bila fomu, bila namba ya simu isiyopokelewa, na hela ilikuwa na joto la mfuko wake.

Hapo ndipo nilipoumia kweli.

Maana ile nyingine, milioni mbili, niliiweka kwenye viwanja vya Nanenane, Nzuguni, katikati ya banda la mbegu za alizeti na zizi la ng'ombe wa maonyesho. Gari lilikuwa moja, dogo, jeupe, limefungwa utepe. Milango miwili. Kijana aliyelisimamia alivaa tai kwenye lile jua na hakuwa na tone la jasho, jambo ambalo lingenitosha kumshuku. Akasema la maonyesho haliuzwi. Unaweka kianzio, unashika nafasi, wiki nane gari linafika. Nafasi zilibaki tatu. Nikauliza za nini, akasema, "Tatu tu, mheshimiwa." Dodoma ukitaka fedha za mtu mwite mheshimiwa, neno ambalo hatujawahi kulizoea tangu Bunge lihamie kwetu.

Lakini nisimsingizie. Kijana hakuniuzia kitu. Iliyoniuzia ni mota.

Sikiliza. Gari la umeme ukilikanyagia (tutahitaji neno jingine, maana "kanyaga mafuta" halitafaa tena) betri inatoa umeme, sumaku za ndani ya mota zinavutana na kusukumana, mhimili unazunguka, gari linaondoka. Hakuna plagi, hakuna oili ya injini, hakuna gia za kukwaruza. Mpaka hapo ni feni tu yenye magurudumu. Maajabu yapo unapoachia mguu. Chukua mteremko wa Nyang'oro, unatoka Iringa unarudi Dodoma. Kwenye Vitz yangu unashuka umeng'ang'ania breki hadi unasikia harufu yake, na kila senti ya petroli uliyoichoma siku ya kupanda inapotea pale kwenye magurudumu kwa njia ya joto. Kwenye gari la umeme, mota ileile iliyokuwa ikizungusha magurudumu sasa inazungushwa na magurudumu. Na mota ikizungushwa ni jenereta! Inazalisha umeme, umeme unarudi kwenye betri, na ile kazi ya kuzalisha inalikaba gari lisikimbie, kwa hiyo breki na chaji ni kitu kimoja. Halafu unafika chini unakuta nini? Bwawa la Mtera, ambako maji ya Ruaha Mkuu yanashuka na kusukuma mitambo, megawati 80. Kanuni ni ileile. Kitu kizito kinashuka, unakikamata kabla hakijafika chini, unakidai umeme. Kwa kilomita kadhaa za Nyang'oro wewe ni Mtera yenye viti vinne. Hakirudi chote, mlima hautakulipa zaidi ya ulichoupa, lakini unakulipa. Mlima unarejesha!

Nilimweleza mke wangu haya saa nne usiku, nikitumia feni ya mezani na mkono wa mwiko. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Na Luku?"

Sikuwa nimefika kwenye Luku. Yeye alikuwa ameshafika, na kurudi. Betri ya lile gari, kwa mujibu wa kipeperushi, ni kilowati-saa 30, na kilowati-saa moja ndiyo yuniti moja. Sisi tuko kwenye lile kundi la wanaotumia yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi, tunaolipa mia moja ishirini na kitu kwa yuniti. Ukivuka, unahamishiwa kwa wakubwa, mia tatu hamsini na kitu. Yaani nikijaza betri mara mbili na nusu nimeshamaliza mwezi, na siondoki peke yangu: naondoka na friji, pasi, taa ya chooni na televisheni, wote tunapanda bei. Muda je? Soketi ya kawaida ukiivuta ampea 10 kwa volti 230 unapata kilowati 2.3. Betri tupu inataka saa 13. "Umeme usipokatika," akaongeza, na aliyekuwepo kwenye mgao wa mwishoni mwa 2023 hawezi kumbishia. Nikamwambia siku hizi kuna Bwawa la Nyerere, mitambo tisa, megawati 2,115, na hata treni ya umeme tuliambiwa inakuja, ikachelewa, watu wakacheka, na Julai 2024 ikaingia Dodoma na abiria. Akasema treni hatukuitangulizia milioni mbili.

Niseme la moyoni. Mshahara napewa mwezi ukiisha. Kazi kwanza, hela baadaye, na hakuna aliyewahi kunitangulizia hata nauli. Lakini kila ninachonunua nakilipia kabla. Umeme kabla. Kodi ya nyumba miezi sita kabla, mwenye nyumba hana haraka ya kuziba bomba. Ada kabla. Sasa na gari kabla, kwa kuangalia moja lililofungwa utepe. Machi 31, 2016, Tesla walifungua nafasi za Model 3, dola 1,000 kila mtu. Ndani ya wiki moja wakawa na watu 325,000 waliotoa hela kwa gari ambalo halikuwa limetengenezwa. Nimewacheka hao watu, ila kuna tofauti moja: wao wakichoka kusubiri waliruhusiwa kudai hela yao. Risiti yangu nyuma ina maandishi madogo kuliko mbegu ya mlenda: kianzio hakirejeshwi. Mimi, mwenye Vitz isiyo na mafuta, nimemkopesha mfanyabiashara milioni mbili bila riba, bila dhamana, na ninampigia kwa unyenyekevu kana kwamba mdaiwa ni mimi. Hili halichekeshi, na naandika bila kofia.

Mengine kwa kifupi. Fundi alinifungia soketi ya nje kwa elfu themanini na tano. Vijana wa mtaani wanachajia simu. Mbuzi wa jirani alikula kipeperushi. Mzigo ulikuwa baharini, ukawa bandarini, ukawa kwenye mfumo, ukarudi baharini, safari ambayo hata meli haiijui. Zabibu zilizokuwa zikivunwa siku niliyolipa zimeshavunwa tena mwezi wa pili.

Leo asubuhi nilijaza tenki pale pale Area D, hadi juu. Binti akasema, "Karibu tena baba," nikamjibu asante.

Kofia naiuza. Ni mpya, imefuliwa mara mbili tu. Elfu mbili, na usitangulize chochote: njoo uivae kwanza, ikikutosha ndipo ulipe.