Nahodha na Kibofu Chake

Kwetu Ngamiani, hapa Tanga, watu hawaamkiani kwanza. Swali la alfajiri, kabla hata chai haijainjikwa, ni moja tu: Nahodha kakojoa? Kama kakojoa, nyumba ina amani, chapati zinageuzwa na kila mtu anaulizwa hali. Kama bado, hakuna wa kuzungumza naye. Wewe uliyejaaliwa mke, watoto, mama mzazi na paka chini ya bati moja, sogea jamvini tupozane, maana najua nawe yamekufika.

Nahodha ni paka dume, mweupe tumboni, kijivu mgongoni. Kaletwa na Hakimu kutoka soko la samaki la Deep Sea, siku hizo anaenea ndani ya kapu la vibua na nafasi inabaki. Hakimu ni mke wangu. Jina hilo kapewa na kaka zake mwenyewe, kwa kuwa akishasema limekwisha, na rufaa hakuna. Alisema kitoto kile kitalala jikoni. Kikalala jikoni. Baada ya wiki kikawa kinalala miguuni pangu, na hilo nalo lilikuwa na hukumu yake.

Ugonjwa ulianza kimyakimya. Nahodha akawa haishi kwenda kwenye beseni lake la mchanga. Anachuchumaa, anakaza, anatoa tone, anaondoka, hajafika mlangoni anarudi tena. Akawa anajilamba chini ya mkia kutwa nzima. Kisha akakojoa kwenye beseni la kufulia, akakojoa kwenye kanga ya Bi Mkubwa iliyokuwa imeanguka sakafuni, na mkojo wenyewe una rangi ya damu.

Kila mtu akawa tabibu. Mwanangu mdogo, tunayemwita Mbunge kwa kuwa hanyamazi mpaka aongezewe muda, alidai Nahodha kachukizwa na kanga yenyewe. Shemeji Panadol akasema paka kafunga choo. Huyu ni kaka yake Hakimu, na jina lake linajieleza: kichwa kikiuma ni Panadol, goti likiuma ni Panadol, mtoto akifeli hesabu atamwuliza kama kashapewa Panadol. Jioni ile alishakivunja kidonge na kijiko kiko mkononi. Bi Mkubwa, mama yangu, akamshika mkono. "Dawa ya mtu hapewi mnyama," akasema, na Shemeji akarudisha kidonge mfukoni.

Na hapo Bi Mkubwa aliokoa roho. Daktari alitueleza baadaye kwamba ini la paka halina uwezo wa kuivunjavunja parasitamo. Dawa inageuka sumu, inaharibu chembe nyekundu za damu, na damu inashindwa kubeba hewa. Kidonge kimoja cha kawaida kinatosha kumuua paka mzima. Tangu siku ile Shemeji akija anakaguliwa mifuko mlangoni, naye ananyoosha mikono juu bila kinyongo.

Usiku uleule mkojo ukagoma kabisa. Nahodha akalia sauti ambayo hatujawahi kuisikia, akatapika, akajilaza sakafuni pa baridi. Tukamtia kapuni, tukamfunika kanga, tukaingia kwenye bajaji na ukoo mzima, Mbunge amekaa magotini kwa bibi yake anamsomea Nahodha sura zote anazozijua.

Daktari wa mifugo, kijana aliyesoma Sokoine kule Morogoro, hakupoteza muda. Alimpapasa tumbo, akaushika mkono wa Hakimu, akauweka pale. Kibofu kilikuwa kigumu na kimejaa, kama ndimu isiyoiva. Akatuambia dume ana njia ya mkojo nyembamba mno na ndefu, tofauti na jike, kwa hiyo chembe kidogo za mchanga au utando vinatosha kuiziba. Ikiziba, taka zinazopaswa kutoka zinarudi kwenye damu, potasiamu inapanda, moyo unapungua kasi mpaka unasimama. Paka aliyeziba asipotibiwa hufa ndani ya siku chache, pengine hata hamalizi ya pili. Akamchoma sindano ya usingizi, akapitisha mrija mwembamba, na mkojo ukashuka mwekundu, una punje zinazometameta chini ya taa. Sijawahi kuona watu wazima wakifurahia mkojo namna ile. Bi Mkubwa alisema alhamdulillahi kwa sauti iliyowaamsha mbwa wa chumba cha pili.

Darubini ikaonyesha ni chembe za struvaiti, madini ya magnesiamu na fosfeti. Hizo, daktari alisema, zinaweza kuyeyuka kwa chakula kinachofaa. Zipo nyingine za kalsiamu oksaleti ambazo haziyeyuki, hutolewa kwa upasuaji. Na wapo paka wengi ambao vipimo havioni chembe wala vijidudu, kibofu kinavimba tu kwa sababu ya wasiwasi. Lakini kwa wote hao dawa ya kwanza ni moja: maji.

Hapa ndipo nyumba yetu ilipogeuka. Paka ni mtoto wa jangwani. Mababu zake walikunywa kidogo sana, maji yao waliyapata ndani ya mawindo, na figo zao zikazoea kuubana mkojo mpaka uwe mzito. Ukimlisha punje kavu za dukani, ambazo maji yake hayazidi sehemu moja ya kumi, hatakunywa vya kutosha kufidia. Chakula cha kopo au samaki wa kuchemsha ni zaidi ya theluthi mbili maji. Kwa hiyo Hakimu akatoa hukumu mpya: punje kavu marufuku, dagaa wakavu marufuku, ng'onda marufuku. Nahodha atakula chakula laini cha paka kinachoagizwa Dar es Salaam, kikiongezwa vijiko vya maji ya uvuguvugu mpaka kiwe kama uji. Juu yake kipande kidogo cha kuku au changu wa kuchemsha, bila chumvi, bila kitunguu, bila kitunguu saumu, maana vitunguu navyo vinaua damu ya paka. Samaki peke yake, daktari alionya, hamtoshelezi.

Hukumu ni rahisi kutoa. Kuitekeleza katika nyumba yenye Bi Mkubwa ni kazi. Mama yangu anaamini kiumbe asiyekula dagaa ananyanyasika. Alikuwa na sahani yake nyuma ya kabati la vyombo, na Nahodha akiisikia ile mifupa ya dagaa ikivunjwavunjwa, anaacha uji wake wa gharama anakwenda mbio. Hakimu hakugombana naye. Alimkabidhi cheo: Bi Mkubwa akawa msimamizi wa maji. Bakuli pana la udongo ukumbini, jingine uani, jingine chumbani kwake, yote mbali na chakula, yanabadilishwa asubuhi na jioni.

Na cheo hicho kilimfaa, maana Nahodha siku zote alipenda kunywa kwenye kopo lake la udhu. Hakimu alipochelea usafi, Bi Mkubwa alimsimulia habari ya Kabsha binti Kaab, aliyemtilia maji ya udhu mkwewe Abu Qatada. Paka akaja, na mzee akakiinamisha chombo mpaka paka akatosheka, kisha akamweleza mke wa mwanawe kwamba Mtume kafundisha paka si najisi. "Nami mkweo nakueleza," Bi Mkubwa akamalizia. Ni rufaa pekee iliyowahi kushinda mbele ya Hakimu.

Binti yangu mkubwa, Karani, alishika daftari. Kila bonge la mchanga uliolowa linaandikwa: saa, ukubwa, rangi. Mabonge mawili mpaka manne makubwa kwa siku, Karani anapiga tiki. Mabonge mengi madogo yaliyotawanyika, anapiga mstari mwekundu na simu inapigwa kwa daktari. Mabeseni ya mchanga sasa ni mawili, kwa sababu kanuni ni beseni moja kwa kila paka na jingine la akiba, na la pili limekaa kwenye kona niliyokuwa nasikilizia redio. Redio imehamia uani, nami nimeifuata. Huko kuna upepo mzuri.

Usidhani mambo yamekwisha. Tulipomwoza mdogo wake Hakimu, nyumba ilijaa wageni wa Pangani na Muheza, vigelegele mpaka usiku wa manane, watoto wakimvuta Nahodha mkia. Haikupita siku mbili daftari likajaa mistari myekundu. Hakukuwa na chembe safari ile, ulikuwa ni wasiwasi tu. Hakimu akamfungia chumbani kwetu na maji yake, mchanga wake na kanga ya Bi Mkubwa, akatangaza kwamba hakuna mgeni wa kuingia humo, awe bibi harusi au nani. Mbunge akalinda mlango. Kwa utulivu na maji, Nahodha akarudi sawa.

Haya ni maradhi ya kukaa nayo, na yanataka nyumba nzima ikubaliane. Mmoja akilisha sawasawa na mwingine akatupia ng'onda kwa siri, kibofu hakijui nani alikuwa na nia njema. Mpe paka wako chakula chenye maji, mpe mahali pa utulivu, na uchunguze mchanga wake kila siku, maana yeye hana ulimi wa kukwambia. Na ukimwona dume anachuchumaa, anakaza na mkojo hautoki, usimpe dawa ya mtu wala usingoje kukuche. Mbebe umpeleke kwa daktari saa ileile.