Mfupa Usiofungwa Plasta

Mtu akivunjika mguu huko Junda, Kisauni, mjini Mombasa, hupata heshima zake zote. Hufungwa plasta nyeupe hadi gotini, watoto wakaichora kwa kalamu, na kwenye matatu hupishwa kiti hata na makanga. Akivunjika mtulinga, ule mfupa mwembamba unaotoka juu ya kifua kwenda nchani mwa bega, hapati hata kimoja katika hayo. Hakuna plasta inayoweza kuushika bila kumkaba mwenyewe pumzi. Hospitali humpa vidonge vya maumivu, humning'iniza mkono shingoni kwa kitambaa, kisha humwambia arudi nyumbani akatulie. Akifika mtaani kwa miguu yake miwili, majirani humtazama juu hadi chini na kumuuliza kwa upole, "Sasa wavunjika wapi, nasi twakuona mzima?"

Bwana mmoja wa Junda aliulizwa swali hilo mpaka likamchosha kuliko bega lenyewe. Jina lake halitatajwa hapa, kwa sababu mkewe husoma magazeti na bado anaamini kwamba ile baiskeli ilikuwa na breki mbili. Alikuwa akiteremka njia ya vumbi upande wa Mishomoroni, mikate imefungwa kwenye keria, mbuzi alipoamua kuvuka. Mbuzi wa Kisauni hawana kamba wala ratiba. Breki ya mbele ilishika, ya nyuma ilikuwa marehemu wa siku nyingi, na bwana akapita juu ya usukani akatua kwa bega la kulia.

Wengi hudhani mtulinga huvunjika mtu anapojikinga kwa kiganja. Hutokea, lakini mara nyingi zaidi huvunjika kwa kutua kwa bega lenyewe, na ndiyo maana waendesha baiskeli ni wateja wake wakubwa. Mfupa huu wenye umbo la herufi S ndio pekee unaounganisha mkono na kiwiliwili, mfupa kwa mfupa; mengine yote ni misuli. Kishindo cha bega hakina njia nyingine ya kupita. Takriban mara nane katika kumi hukatika sehemu ya katikati, palipo pembamba.

Mbuzi aliondoka salama, na hapa elimu ya viumbe ina neno. Mbuzi hana mtulinga. Ng'ombe hana, farasi hana. Miguu yao ya mbele imeshikwa na misuli mitupu, kwa kuwa kazi yao ni kwenda mbele na kurudi nyuma tu. Mfupa huu wamepewa viumbe wanaopanua mikono: wanaoparamia minazi, wanaokumbatia, wanaobeba mitungi ya maji. Kwa hiyo, hata angegongwa vipi, mbuzi yule asingeweza kuvunjika alipovunjika bwana. Mwenye mbuzi alipoelezwa haya barazani alisema Mola hakosei, akaagiza kahawa nyingine.

Safari ya hospitali kisiwani ilikwenda kwa tuktuk. Bega lililovunjika huhesabu kila tuta, kila shimo na kila jiwe la matumbawe lililochomoza barabarani. Sehemu pekee aliyopumua ni juu ya daraja la Nyali, lile lililofunguliwa mwaka 1980 kuchukua nafasi ya daraja la kuelea la 1931. Laiti Mombasa nzima ingekuwa daraja.

Kudharauliwa kwa mfupa huu hakukuanzia Kisauni. Katika maandishi ya tiba ya Ugiriki ya kale yaliyobeba jina la Hippocrates, imeelezwa kwamba mwenye kuvunjika mtulinga kwanza huingiwa na hofu, akidhani ameumia vibaya mno. Kisha huona anatembea, anakula, maumivu yanapungua, akaacha kujitunza. Tabibu naye, kwa kuwa hawezi kuunyoosha ukapendeza, hufurahi mgonjwa asiporudi. Wakati wanakwepana hivyo, mfupa unajiunga wenyewe. Zaidi ya miaka 2,300 imepita, na maelezo hayo yangeweza kubandikwa leo kwenye mlango wa kliniki yoyote.

Lakini kuna aliyekufa nao. William wa Tatu, mfalme wa Uingereza, alikuwa juu ya farasi mapema mwaka 1702 farasi alipojikwaa kwenye kichuguu cha fuko. Mfalme akaanguka, akavunjika mtulinga, kifua kikamwingia, na tarehe 8 Machi akafariki. Maadui zake wa kisiasa wakawa wanainua glasi kumshukuru fuko, wakimwita bwana mdogo mwenye kizibao cha mahameli nyeusi. Bwana wa Junda alikipenda sana kisa hiki. Alikisimulia kwa kila aliyemwambia "pole kidogo".

Shida kubwa haikuwa kifo, ilikuwa kikoi. Kikoi hufungwa kwa mikono miwili: mmoja unashika, mwingine unakunja. Kwa mkono mmoja, kikoi hushikilia kuanzia chumbani hadi mlangoni, na mlangoni ndipo penye wageni. Shati nalo lina utaratibu wake ambao hakuna aliyemfundisha. Mkono mbovu huingia kwanza, mzima baadaye. Wakati wa kuvua ni kinyume chake. Anayesahau hukumbushwa papo hapo.

Kisha kuna suala la kulia na kushoto, ambalo vitabu vya mifupa havigusii kwa sababu waandishi wake hawajaalikwa pilau Mombasa. Mkono wa kulia ni wa kulia chakula na kusalimia. Wa kushoto una kazi zake na kila mtu anazijua. Mtu ambaye bega lake la kulia limevunjika afanyeje mbele ya sinia la harusi? Kula kwa kushoto, kijiko au si kijiko, ni kualika macho ya wazee. Ukweli ni kwamba kiwiko, kifundo na vidole havijavunjika, na madaktari hutaka vichezeshwe visije vikakakamaa. Hivyo bwana aligundua kwamba mkono ukikataa kwenda mdomoni, mdomo unaweza kuufuata mkono. Aliinama akala pilau kwa mkono wa kulia kama ipasavyo, kichwa kikiwa karibu na sinia kiasi cha mzee wa pembeni kumuuliza kama ametafuta mfupa akaupata.

Kile kitambaa cha hospitali hakikustahimili jasho la Mombasa. Mkewe alikivua, akamfunga mkono kwa leso. Kitabibu hakuna ubaya: leso iliyokunjwa pembe tatu ni msaada wa mkono uliokamilika. Tatizo la leso ni kwamba inasema. Kila moja ina jina lake karibu na pindo, na kwa namna ile ilivyokunjwa, jina liliangukia kifuani pa bwana: HASIDI HANA SABABU. Jirani wa mlango wa pili, ambaye alikuwa na ugomvi wa kimya na mke wa bwana kuhusu kamba ya kuanikia nguo, alilisoma, akalisoma tena, na hakuleta supu.

Wengine walileta. Supu ya mbuzi ilitangulia, dawa ya mifupa kwa kauli ya mtaa mzima, ingawa imeshasemwa kwamba mnyama huyo mfupa wenyewe hana. Ikafuata supu ya pweza, ambayo pwani hupewa sifa nyingi ambazo si za bega. Pweza hana mfupa hata mmoja mwilini mwake, akafundishe nini? Mwenye hoja nzuri alikuwa kuku. Mitulinga ya ndege imeungana chini ikawa kile kijifupa chenye umbo la V ambacho watoto hukivuta wakishindana. Bwana alikikuta ndani ya bakuli, akakitazama kwa huruma, akakiweka kando.

Aliletwa pia mzee wa kukanda, na chupa ya mafuta ya nyonyo na sifa za miaka mingi. Hapa mwandishi hatanii. Chini ya mtulinga hupita mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu inayokwenda mkononi, na mfupa mbichi uliokatika una ncha. Kukandwa kuna wakati wake, na wakati huo si wiki ya kwanza. Mzee alipewa supu ya pweza, akashukuru.

Kijana mwenye intaneti akapendekeza mikanda inayozunguka mabega yote mawili kwa umbo la namba nane. Madaktari wa Denmark waliilinganisha mikanda hiyo na kitambaa cha kawaida katika utafiti uliochapishwa 1987: mfupa uliunga sawasawa kwa njia zote mbili, ila wenye mikanda walilalamika zaidi. Leso ikabaki.

Kilichomuuma zaidi ni televisheni. Tarehe 4 Aprili 2024, Remco Evenepoel, mwendesha baiskeli wa Ubelgiji, alianguka kwenye mashindano ya nchi ya Basque, akavunjika mtulinga na mfupa wa kombe la bega. Alifanyiwa upasuaji. Mwezi wa saba akamaliza wa tatu Tour de France, kisha akachukua dhahabu mbili kwenye Olimpiki ya Paris. Mwendesha baiskeli mwenzake, Mark Cavendish, alivunjika mtulinga kwenye Tour ya 2023 akatoka mashindanoni, akarudi mwaka uliofuata akashinda hatua yake ya 35, kwenye Tour hiyohiyo ambapo Biniam Girmay wa Eritrea alivaa jezi ya kijani mpaka mwisho. Mke wa bwana aliyajua haya yote. "Mzungu yule yuko juu ya baiskeli," alisema, "nawe hata mtungi huuinui." Bwana alieleza kwamba mtu mzima huhitaji wiki sita hadi kumi na mbili mfupa kushika, na kwamba Evenepoel hachoti maji. Hoja ya pili ilipokelewa vibaya.

Kwa kukosa plasta, ushahidi wake pekee ulikuwa picha ya eksirei. Aliibeba barazani ndani ya bahasha ya kaki, akaiinua kuelekea jua. Mmoja aliitazama juu chini, akatoa pole kwa ajili ya nyonga. Mwingine alihesabu mbavu akaona ni nyingi mno. Hata hivyo ufa ulionekana, pande mbili zimepishana, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia ni mzima. Sifa za picha zilienea hadi kijana mmoja anayefanya kibarua mjini akaja jioni kuiomba.

"Ami, niazime siku mbili tu, nikamwonyeshe bosi."

Bwana akamwonyesha pembeni palipoandikwa jina na umri wa mgonjwa. Kijana akasoma jina, akasoma umri, akafikiri kidogo, kisha akauliza kama hakuna mtu mtaani aliyevunjika akiwa na miaka ishirini na tano.