Sifa za VTS_01_1.VOB

Nina DVD tisa za sherehe za ukoo wetu, na ndani ya kila moja anaishi bwana yuleyule, faili liitwalo VTS_01_1.VOB. Nimwimbie sifa kabla hajanimaliza.

Hana makuu. Harusi ya mwenye mabasi ni VTS_01_1.VOB, kipaimara cha mtoto wa mpangaji ni VTS_01_1.VOB, msiba wa babu vilevile. Na usiri wake! Kungwi hamfikii. Mbane utakavyo, hamtaji bibi harusi. Sharti umfungue, uvumilie gari la maua likizunguka kipilefti kilekile mara tatu, utazame sare za vitenge, kisha upige hesabu: mama mdogo amebeba mtoto mgongoni, mtoto huyo sasa yuko kidato cha nne, shangazi bado hajavaa miwani, kwa hiyo hii ni sendofu ya dada wala si harusi ya binamu. Nasaba yangu nimeisomea humo.

Ana kiasi pia. Akifika gigabaiti 1 hunyamaza, hata kama mzee yuko katikati ya nasaha. "Mwanangu, siri ya ndoa ni..." Siri yenyewe iko VTS_01_2.

Tena mkarimu, humpisha mwenzake. Nilipowahamishia wote kwenye folda moja, kompyuta iliuliza kama ifute faili la zamani lenye jina hilohilo. Nikabofya ndiyo. Harusi ya binamu ikaimeza sendofu ya dada, na DVD ya dada ilikuwa imeshakwaruzika, haisomi tena.

Lakini huyu bwana hakujibatiza. Mpiga video alipata muda wa kuwabandika maharusi kwenye jalada, mbele ya maporomoko ya maji wasiyowahi kuyaona. Muda wa kuandika tarehe juu ya diski akaukosa. Na sisi wenyewe? Daftari la kamati lipo mpaka leo, limevikwa nailoni: jina, ahadi, alicholipa, kilichobaki. Mjomba anadaiwa shilingi 20,000 tangu 2009 na kila kikao cha ukoo anasomewa. Kalamu ilikuwepo, jamani! Ilikuwepo mezani pale pale, pembeni ya DVD!

Jana dada alipiga simu. "Kaka, niangalizie ile sendofu yangu. Mama anataka kumwona marehemu baba anavyocheza."

Nimemwambia bado naitafuta.