Kadi Iliyohamia Sebuleni

Kadi ilifika na basi la Dar es Salaam, ndani ya boksi la viatu, imeviringishwa kwa fulana. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, aliifuata stendi Iringa mjini, akapanda nayo gari la Tosamaganga akiwa ameipakata muda wote. Nilipoona feni zake mbili nikauliza kama ni hita. Ilikuwa Julai, na Julai ya huku koti hulivui hata ukiwa jikoni.

"Si hita, shemeji. Ni kadi ya grafiki, ya kuchomeka nje ya laptopu."

"Kwani ndani haina?"

Inayo, ila dhaifu. Laptopu yake ni ThinkPad T430, ya mwaka 2012, mtumba, ngumu kwelikweli. Ikianguka unakagua sakafu kwanza. Lakini picha zake zinategemea kipande cha Intel kilichomo ndani ya prosesa, na DaVinci Resolve, programu aliyotaka kuhaririria video ya kwaya ya kigango, inadai kadi yenye nguvu. Laptopu zenye Thunderbolt hupokea kadi ya nje kwa waya mmoja, kazi imekwisha. Ya shemeji haina. Ina upenyo ubavuni uitwao ExpressCard, na humo ndimo alimokusudia kupitia.

Meza yangu ya sebuleni ikachukuliwa. Kadi, GTX 1050 Ti, ikasimama wima juu ya kibao cha saketi kinachotosha kiganjani. Waya mweusi mfupi ukaenda kwenye laptopu. Pembeni pakawekwa pawa saplai iliyong'olewa kwenye kompyuta mbovu ya mezani, maana upenyo ule hauwezi kulisha kadi ya wati 75.

Mume wangu alipoona pawa saplai alikwenda moja kwa moja kusoma mita ya luku. Nikamwambia pasi yake ya Jumapili inakula wati elfu moja na zaidi.

"Pasi inanyoosha suruali. Hii inanyoosha nini?"

Siku hiyo haikunyoosha kitu. Windows iliitambua kadi, ikaibandika alama ya njano na kuandika kosa namba 12: nafasi haitoshi.

"Nafasi gani tena," akauliza mama mkwe, "na meza nzima mmechukua?"

Shemeji akamweleza kwa adabu. Kila kifaa ndani ya kompyuta hupewa eneo lake la anwani, na kwenye mashine za umri ule eneo lililo chini ya gigabaiti 4 hujaa upesi. Kwa baadhi yake, ukipunguza remu, nafasi hupatikana. Akachukua bisibisi, akaipindua laptopu juu ya mkeka, akang'oa kipande kimoja cha remu. Akawasha kadi kwanza, laptopu baadaye. Alama ya njano ikatoweka, naye akaruka na kugonga kichwa kwenye rafu ya vyombo.

Hapo ndipo balaa lilipoanza hasa. Upenyo ule una njia moja tu, isiyopitisha zaidi ya megabaiti 500 kwa sekunde, wakati kwenye kompyuta ya mezani kadi kama ile huchomekwa kwenye tundu la njia 16. Picha ikirudi kwenye skrini ya laptopu, inabanana na kazi inayokwenda kwenye kadi. Dawa yake ni kuitoa kwa HDMI kwenye skrini nyingine, na nyumbani kwetu skrini nyingine ni televisheni. Kisimbuzi kikachomolewa.

Saa mbili kasoro usiku mama mkwe alijifunga kitenge chake, akaketi kusubiri taarifa ya habari. Mbele yake walikuwapo akina mama wa sauti ya kwanza, midomo wazi, wameganda.

"Mwanangu, hawa wanaimba au wanapiga miayo?"

"Subiri kidogo, mama. Video inakamilika, imefika asilimia tisini."

Paka naye alikuwa amegundua kwamba nyuma ya pawa saplai kunatoka joto. Akajinyoosha, mguu ukasukuma waya, kile kichomekeo ubavuni kikacheza kidogo tu. Televisheni ikawa nyeusi, laptopu ikaganda, na faili ikaharibika. Kelele za shemeji zilimleta jirani na tochi.

Kijiji cha misheni kama hiki, ambacho mapadre wa Consolata kutoka Italia walianza kukihudumia mwaka 1919, hakikosi seremala. Wetu alitengeneza sanduku la mbao ya paini ya Sao Hill, lenye matundu ya hewa na kibanio cha waya. Mama mkwe huliita mzinga, na anamkemea kila anayelisogelea, paka wa kwanza.

Mwalimu wa kwaya alikuja kutazama. "Kamwene!" akasalimia, akakaa, akatazama video mwanzo hadi mwisho bila kugusa chai. Alilalamikia jambo moja: sauti ya nne hawakuonyeshwa vya kutosha, na yeye mwenyewe huimba sauti ya nne. Kisha akatoa mfukoni flashi mbili. Moja ya harusi ya binti yake, nyingine ya kipaimara.

"Baba," mama mkwe akamwuliza, rimoti mkononi, "hizo nazo zitafanywa kabla ya taarifa ya habari, au baada?"