Mjomba Jabali Anakujibu: Kamba, Miamba na Binti wa Uhasibu

*Mjomba Jabali, nafanya kazi Nairobi. Jumamosi ijayo ofisi nzima inakwenda Lukenya kupanda miamba kwa kamba, na mwongozaji ameshakodiwa. Mimi sijawahi kupanda hata mwembe. Binti wa uhasibu naye atakuwepo. Nifanyeje nisiaibike?*
*Mwoga wa Umoja*

Mwanangu, umebisha hodi mlango wenyewe. Washauri wengine wangekimbilia vitabuni. Mimi nimezaliwa Mwanza, mji ambao mawe yalitangulia kufika na watu wakaja baadaye kuomba nafasi. Kwetu nyumba zimepanda vilima hadi pale ambapo bodaboda hukata tamaa na kukushusha. Fundi anapita kati ya majabali na mfuko wa saruji kichwani, na mama anayetoka sokoni anaruka jiwe hadi jiwe na ndoo yake ya dagaa, bila kamba, bila helmeti, huku anamfokea mtu kwenye simu. Granaiti ile ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, nami nimeikalia utoto wangu wote. Piga hesabu mwenyewe uzoefu nilio nao.

Inaniuma sana kwamba watu wakitaja miji ya miamba wanakimbilia Rio de Janeiro. Sawa, wana Pão de Açúcar, mita 396, limesimama jijini kabisa kando ya bahari, na wapandaji wa huko wanatoka kazini na kwenda kupanda kabla ya chakula cha jioni. Lakini tangu 1912 wameliwekea gari la waya. Cape Town wana Table Mountain, mita 1,086, nao mwaka 1929 wakafuata mkumbo. Sisi Mwanza tunapanda kwa miguu yetu, na saruji juu. Aamue msomaji nani mpandaji na nani abiria.

Lakini hukuniuliza ya Rio. Lukenya basi. Kilima hicho kiko upande wa Barabara ya Mombasa ukishaipita Athi River, ndani ya kaunti ya Machakos, kiasi cha kilomita 40 kutoka katikati ya Nairobi, foleni ya Mlolongo ikikuhurumia. Wanachama wa Mountain Club of Kenya, klabu iliyoanzishwa 1949, wamekuwa wakinolea makucha pale kabla ya kwenda kuihangaisha Batian kwenye Mlima Kenya, mita 5,199. Wanaakiolojia nao wamefukua hapo zana za mawe za watu walioishi maelfu ya miaka iliyopita. Watu wale wa kale, kwa busara zao, walikaa chini ya mwamba. Mimi nawaunga mkono, na nikialikwa pale huwa nasimamia mila hiyo.

Sasa dawa yako. Kuanzia leo lala kitanda cha juu cha dabo deka. Kama huna dabo deka, panda kabatini na godoro lako. Asubuhi usishuke kwa haraka; kaa ukingoni, tazama sakafu, iambie sakafu jina lako kamili. Jioni ning'inia kwenye fremu ya mlango mpaka chai ichemke. Dawa hii nilimpa mteja mmoja wa Shinyanga. Fremu iling'oka, lakini woga nao uling'oka, na mwenye nyumba alimng'oa mteja, kwa hiyo kila kitu kilitoka siku moja. Ushuhuda wake ninao.

Unaogopa kuanguka. Hilo ndilo linanishangaza kwenu wanaoanza: mnaogopa urefu, ambao haujawahi kumgusa mtu, halafu hamwangalii kabisa bwana aliyeshika ncha ya pili ya kamba. Anayeanza hupandishwa kwa kamba iliyokwisha kupitishwa juu. Inatoka kiunoni kwako, inapanda hadi kwenye nanga zilizofungwa kileleni, zisiwe moja, inageuka na kushuka hadi kwa mshika kamba aliye chini. Wewe ukipanda hatua, yeye anavuta iliyolegea kupitia kifaa cha chuma kilicho kwenye mkanda wake. Ukiteleza, anafunga, na wewe unabaki umening'inia hapo hapo ulipoteleza, umeshuka kidogo tu, kwa sababu kamba ile hutanuka. Kinachopotea ni heshima, tena si yote.

Kuhusu huko kutanuka, siku niliyokwenda kujaribu nilikuwa na mgogoro wa kitaifa na mwongozaji wangu. Mimi nilifika na kamba ya katani. Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndiyo iliyoongoza dunia kwa katani, na sioni kwa nini mzalendo ajifunge nailoni. Kijana akaishika kamba yangu kwa adabu, akaivuta, akasema: "Mzee, hii haitanuki. Ukianguka, nguvu yote ya kuanguka inaishia mgongoni mwako." Akanionyesha yake, unene wa milimita kumi hivi, nyuzi za nailoni ndani na fulana iliyosukwa nje. Nilimsikiliza kwa uvumilivu mkubwa. Kamba yangu ilifaa sana baadaye kufungia mizigo juu ya matatu.

Kisha kuna fundo, na hapa nyamaza unisikilize, maana mimi ni bingwa wa mafundo tangu nikiwa skauti. Mwongozaji atakupa ncha ya kamba. Utafunga fundo lenye umbo la nane mbali kidogo na ncha, uipitishe ncha kwenye vitanzi viwili vya mkanda wako, cha mapajani na cha kiunoni, usiruke hata kimoja. Halafu uirudishe ncha ndani ya ile nane ikifuata njia ile ile, kona kwa kona, mpaka kila mstari uwe na mwenzake pembeni. Hesabu: jozi tano. Zikitimia nne, fungua uanze upya. Vuta kila upande hadi fundo likaze, na mkia ubaki wa shibiri. Baada ya hapo mshika kamba akague fundo lako, nawe ukague kifaa chake na kishikizo cha chuma kinachokiunganisha na mkanda wake, kama skrubu yake imefungwa. Kila mara. Hata kama mmepanda pamoja tangu asubuhi. Mimi nilitaka kulifunga nikiwa nimefumba macho ili kijana yule aone kipaji. Akanikatalia. Kumbe fundo hili limependwa na wapandaji hasa kwa sababu mtu akilitazama tu anajua kama limekaa sawa.

Viatu watakupa. Vitakubana hadi ukumbuke dhambi zako. Ndivyo vinavyotakiwa: soli ya mpira laini isiyo na kashata, vidole vimesogea mbele hadi mwisho, ili ukikanyaga kijiukingo chenye upana wa sarafu usimame. Mimi nilikwenda na makubazi yangu ya tairi. Siongezi neno, ila nasema tairi lile lilikuwa limetembea Mwanza hadi Dodoma bila kuteleza.

Mikono ikitoa jasho utapewa mfuko wa chaki. Si chaki ya mwalimu, ni magnesiamu kabonati, ile ile ya wanajimnastiki. Anayetajwa kuipeleka kwenye miamba ni Mmarekani John Gill, miaka ya 1950, naye alitokea kwenye jimnastiki. Ikikosekana, usijaribu unga wa sembe. Nyuki hawaujali, lakini siafu wana maoni yao.

Nimetaja nyuki. Miamba yetu ya Afrika Mashariki ina nyuki kwenye nyufa. Kwa hiyo yale marashi uliyonunua kwa ajili ya binti wa uhasibu yaache Umoja. Mwongozaji akisema njia ile leo haipandwi, usimwulize kama ana hakika.

Juu ya ukuta sasa. Mwanamume anayeanza huukumbatia mwamba na kujivuta kwa mikono. Dakika chache tu, misuli ya mikono inajaa, vidole vinagoma kufumba, miguu inaanza kutetemeka kama cherehani ya fundi wa Kariakoo. Usijivute. Nyoosha mikono, tafuta pa kuweka mguu, weka ncha ya kiatu, simama. Goti ndilo linalokupandisha. Mkono unakuzuia tu usirudi nyuma. Binti wa uhasibu huenda akakushinda siku ya kwanza, kwa sababu asiye na misuli ya kuringia hulazimika kufikiri kwa miguu. Akikushinda, mpigie makofi. Huo ndio ushauri wangu wa mapenzi, na ni wa bure leo.

Ukifika kwenye kilele cha kamba, utadhani kazi imekwisha. Bado kitu kimoja ambacho mwili wako utakikataa: kuachia. Utasema "nishushe", utasubiri kamba ikaze, halafu ukae kwenye mkanda, uegemee nyuma, miguu umeipanua kidogo na nyayo zimeugusa mwamba, mikono haishiki kitu. Watu wazima wenye vyeo wamegoma hapo, wakaomba ngazi. Mimi kwa upande wangu niliegemea kwa utulivu unaoonekana hadi leo kwenye picha yangu. Wenye wivu wanadai majani ya ardhini yanaonekana chini ya viatu. Mhariri wangu aliikata picha vizuri sana.

Nafasi inakwisha. Nenda, sikiliza mwongozaji, helmeti usiivue hata ukiwa chini, maana jiwe linaangukia walio chini. Kuhusu dabo deka endelea mpaka nitakapokuambia.

*Mjomba, mume wangu amenikatia tiketi ya Hell's Gate tukapande Fischer's Tower. Yeye ana kilo 98, mimi 54, na anataka mimi ndiye nimshike kamba, ati ni ishara ya ndoa. Nakubali?*
*Mama Wawili, Athi River*

Binti yangu, mnara huo naujua. Uko ndani ya hifadhi karibu na Naivasha, una urefu wa mita 25, na umepewa jina la Gustav Fischer, mvumbuzi wa Kijerumani aliyepita bonde hilo mwaka 1883. Yaani mtu anapita njia yake, anaachiwa mnara. Mimi nimepita pale, nikanunua soda, nikasalimia kila mtu, na mpaka leo nausubiri mnara wangu. Ukiwaona tumbusi wakizunguka juu ya kuta, wasikutishe. Hujenga viota kwenye majabali hayo, hawakuja kwa ajili ya mumeo. Na baiskeli zinaruhusiwa ndani ya hifadhi, sehemu adimu ambapo unampita twiga kwa kengele.

Uliuliza kuhusu kilo. Ndoa nyingi nimezisuluhisha, na baadhi yake zipo. Mwambie mumeo hivi: akianguka yeye, utaruka wewe. Kilo 98 zikishuka upande mmoja, 54 zinapaa upande wa pili, utagonga mwamba, utashtuka, na aliyeshtuka anaweza kuachia kamba. Msuguano wa kamba kule juu unasaidia, lakini si kwa tofauti hiyo. Dawa ipo: mwongozaji akufunge kwa nyuma kwenye mti imara au jiwe kubwa lisilosogea, au yeye mwenyewe amshike mumeo na wewe ujifunze pembeni, mkono wako ukiwa kwenye kamba ya breki bila kuiachia hata sekunde. Kama siku hiyo ni yenu ya kwanza, chagua hiyo ya pili. Ishara ya ndoa mtaitafuta hotelini.

Na akikataa, mwambie Mjomba Jabali amesema apunguze chapati.

*Mjomba nipo Capri Point hapa Mwanza juu ya jiwe. Nimepanda mwenyewe bila mwongozaji baada ya kusoma safu yako. Kushuka nashindwa. Nakuandikia kwa simu.*
*Mwana wa Mwanza*

Kijana, ujumbe wako nimeusoma Jumanne na gazeti linatoka Jumamosi, kwa hiyo natumaini umeshakula. Kwanza pongezi, damu ya mji wetu inaonekana. Pili, safu gani hiyo ilikuambia upande peke yako? Kila mtoto wa Mwanza anajua kupanda jiwe ni rahisi kuliko kulishuka, kwa sababu wakati wa kupanda macho yako karibu na vidole vya mkono, wakati wa kushuka mguu unatafuta gizani. Mwenye kamba na mwongozaji hilo halimpati. Anasema "nishushe" anashushwa. Usiruke. Usijaribu njia nyingine ambayo huioni mwisho wake. Kaa chini, mbali na ukingo, ita watu, na usikubali vijana wa mtaani wakurushie kamba ya kuanikia nguo. Mhariri amesimama mlangoni, namaliza: Jeshi la Zimamoto na Uokoaji namba yao ni 114, na kupiga ni bure.