Sifa za Mwinda Herufi

Gari lako likizima Chalinze usiku, usimpigie simu. Hajui hata boneti inafunguliwaje. Usimtume sokoni pia, atarudi na vitunguu bila nyanya. Lakini mwambie unatafuta neno la Kiingereza lenye irabu zote tano, tena zifuatane kwa mpangilio wa darasani, a mpaka u, atakujibu hujameza mate: facetious. Ukimwambia na y inataka kuingia, ataibandika mwishoni, facetiously, kazi imekwisha. Huyu ndiye ninayetaka kumsifu leo. Waheshimiwa wana wapambe wa kutosha.

Fadhila yake ya kwanza ni kwamba maneno yakiwa mikononi mwake hayamdhuru mtu. Wakili huyapindapinda mpaka mwenye shamba akatoka mahakamani hana shamba. Mgombea huyamwaga jukwaani, na kura zikishahesabiwa harudi kuyaokota. Mwinda herufi hana haja neno limwambie kitu. Hulipima urefu, hulihesabu irabu, huligeuza akalitazama upande wa pili, kisha hulirudisha kamusini kama alivyolikuta. Maana yake? Hiyo wataulizana wenye shida nayo.

Mkubwa wa kundi hili ni Nigel Richards wa New Zealand. Mwaka 2015 alikwenda Ubelgiji akatoka bingwa wa dunia wa Scrabble, mchezo wa kupanga vibao vya herufi viwe maneno, kwa Kifaransa, na Kifaransa chenyewe hakijui. Alikuwa amekariri kamusi yao kwa wiki tisa hivi. Mwaka 2024 akawafanyia wenye Kihispania vilevile, tena Granada, nyumbani kwao. Sisi tuliochapwa shuleni kwa kosa la kukariri bila kuelewa tuna kila sababu ya kumpigia makofi.

Lakini utukufu wa kazi hii unaonekana vizuri zaidi kwenye herufi Q. Alfred Butts, msanifu majengo wa New York aliyekosa kazi katika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, alikaa akahesabu herufi kwenye kurasa za magazeti, ajue ipi inatumika sana na ipi inaonekana kwa nadra. Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa Scrabble. Katika vibao 100 vya mchezo huo, E ziko 12, kila moja pointi 1. Q ni moja tu, na ina pointi 10. Unaiokota kwenye mfuko, unafurahi, halafu unakumbuka kwamba katika Kiingereza Q haitoki nje bila U, kama mwari asivyotoka bila kungwi wake. Na U zenyewe nne, zote keshazichukua mwenzako.

Hapo wengi hukata tamaa. Mwinda herufi wa Mombasa anatabasamu, kwa sababu dawa iko mtaani kwake. Kamusi ya Collins, inayotumiwa na wachezaji wa nchi nyingi, inamruhusu qadi, ambaye ni kadhi yuleyule anayempa talaka jirani: pointi 14. Inamruhusu faqir, pointi 17, niqab, pointi 16, na akibanwa kabisa, qat, pointi 12, ambayo ni miraa ileile inayoteremka kutoka Meru kwa mwendo wa kutisha. Haya, niambie ni wapi pengine kadhi, fakiri na mtafuna miraa wanakaa ubao mmoja bila kununiana. (Safari, bwana na askari nao wameshakubaliwa humo, ila kwa wingi wanaitwa bwanas na askaris. Ngeli wameziacha mlangoni.)

Kilele cha hadithi za Q ni cha mwaka 1982, mjini Manchester, Karl Khoshnaw alipoweka caziques mezani na kuzoa pointi 392 kwa neno moja. Maana yake ni machifu wa visiwa vya Karibiani. Sidhani kama chifu yeyote kati yao alipata heshima kubwa kuliko hiyo.

Kuhusu urefu, lazima nikiri kwamba Kiswahili kinawadharau kidogo watu hawa. Kwetu mtoto anayeahidi kwamba hatutawasababishia usumbufu ameshatema neno la herufi 18 bila kuvuja jasho, na hakuna atakayempa kikombe. Mwingereza akiwa na strengths, herufi tisa zenye irabu moja pekee, anaitangaza. Shakespeare alimpa mchekeshaji wake mmoja honorificabilitudinitatibus, herufi 27, konsonanti na irabu zikipishana mwanzo hadi mwisho. Wenyewe wanaliona ni jabali. Mpe mtoto wa darasa la kwanza aliyezoea ba, be, bi, atalisoma moja kwa moja, labda akwame kwenye s ya mwisho, aiongezee i kwa huruma.

Palipokosekana neno refu la kutosha, walilitengeneza. Mwaka 1935 Everett Smith, rais wa chama cha wapenda mafumbo cha Marekani, alibuni pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis, herufi 45, kwa lengo moja tu: liwe refu kuliko yote. Magazeti yalilipokea, na kamusi nazo zikalikaribisha. Linadai kuwa ni ugonjwa wa mapafu wa kuvuta vumbi la mawe. Mchimba dhahabu anayekohoa hospitalini ataandikiwa silikosisi na daktari mwenye foleni ndefu nje. Neno la Smith halijawahi kumtibu mtu, na hilo ndilo linaloliweka juu: ni refu, basi.

Wapo watakaosema siku hizi programu ya kompyuta inachambua kamusi nzima kabla hujapepesa jicho. Ni kweli. Na boda boda inafika haraka kuliko mtu anayekimbia mbio za marathoni, lakini sijaona anayezuiwa kukimbia.

Kinachouma ni malipo. Uingereza kuna kipindi cha televisheni kiitwacho Countdown, kilichoanza mwaka 1982. Wachezaji wanapewa herufi tisa na sekunde 30 watafute neno refu kuliko la mwenzao. Saa inagonga, watu wazima wanaandika wakihema, na mshindi anakwenda nyumbani na birika la chai. Mkewe akiuliza tunu ya miaka yote ile ya kulala na kamusi kifuani, ataonyeshwa birika, na kabla hajafungua mdomo ataambiwa kwamba herufi za teapot ukizipangua unapata aptote. Asiulize maana yake.